Mashine Iliyorudishwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni, Spana alifagia karakana ya baba yake kwa sumaku. Ilikuwa sumaku nzito, iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, ikafungwa kamba. Spana aliiburuta taratibu sakafuni, nayo ikaokota vumbi la chuma, vipande vya waya na misumari iliyopinda. Aliizoea kazi hiyo tangu utotoni, enzi alipokuwa akimpa baba yake spana mpaka jina likamganda. Jina lake la darasani walilijua walimu tu.

Asubuhi hiyo sumaku haikufika mlangoni. Mkokoteni ulisimama nje, na juu yake palikuwa na kitu kikubwa kilichofunikwa turubai.

Spana alikitambua kabla hakijafunuliwa. Ilikuwa mashine ya kubangua karanga. Aliichora yeye mwenyewe, mwanafunzi wa uhandisi, na baba yake akaichomelea. Walimpa mwenye mkokoteni awapelekee kina mama wa mtaa wa pili, ambao hubangua karanga na kuziuza, waijaribu. Baba aliwaambia watu wote kwamba mashine ile ingewatoa kimasomaso yeye na binti yake.

Mwenyekiti wa kina mama alikuwa amesimama kando ya mkokoteni, mikono kaifumbata.

"Fundi, tunashukuru sana," alisema. "Lakini tumeirudisha."

Baba alitoka ndani, miwani ya kuchomelea ikiwa kwenye paji la uso. "Imeharibika?"

"Haijaharibika. Ni nzima kabisa."

"Haibangui?"

"Inabangua vizuri."

"Sasa kama inabangua vizuri, mmeirudishia nini?"

Mama yule alitazama chini. "Basi tu, fundi. Tusije tukakukosea adabu." Aliaga akaondoka.

Baba aliigonga mashine kwa kiganja. Chuma kilitoa sauti nene. "Hii ukiiangusha kutoka ghorofani, itaumia ardhi," alisema. "Watu hawajui kitu kizuri!"

Mama yake Spana, ambaye alikuwa akishona nguo kwenye kibaraza, aliinua kichwa. "Ungewapa na tembo wa kuibeba, baba Spana, wangeipenda."

Hakuna aliyecheka. Haikuwa mashine tu iliyorudi; kwa Spana yalirudi na maneno ya baba yake.

Wiki iliyotangulia alikuwa amemweleza baba yake habari za chuo. Wanafunzi wa uhandisi sasa wangeweza kusoma uhandisi na biashara kwa pamoja. Aliyetaka alipaswa kujiandikisha kabla ya mwezi kwisha. Spana alitaka sana, ila hakuwa mtu wa kubishana. Alilisema jambo lile kwa sauti ndogo, akiwa ameinamia sahani.

Baba alisukuma sahani yake kando. "Mhandisi hauzi," alijibu. "Kitu kizuri kinajiuza chenyewe. Nilikupeleka ukasome vyuma, hukwenda kusomea maneno."

Spana alikusanya sahani. Chuo hakikumtaka aombe ruhusa nyumbani. Lakini yeye hakuweza kuanza safari hiyo huku baba yake amenuna.

*

Jioni ile jirani yao alipita kuchukua bawaba ya geti lake. Mtaa mzima ulimwita Mama Pacha. Alikuwa mhandisi katika kiwanda cha ndoo za plastiki. Aliizunguka mashine, akauzungusha mpini wake, akasikiliza.

"Kazi safi," alisema. "Nani aliichora?"

"Mimi," Spana alijibu kwa aibu.

"Hongera, mwanangu. Sasa niambie, hao kina mama hubangulia wapi karanga zao?"

Spana alimtazama baba yake. Baba alijifanya anatafuta kitu kwenye boksi la skrubu.

"Hatukuwahi kwenda kuwaona," Spana alisema.

"Basi kesho twende. Fundi, unakuja?"

"Nina kazi," baba alisema, bila kugeuka.

Kesho yake walikwenda wawili. Kina mama walifanyia kazi kwenye chumba kirefu chenye mlango mwembamba. Walikaa kwenye mikeka na vigoda, nyungo mapajani. Mtoto mmoja alilala juu ya kanga, mwingine alinyonya. Walibangua huku wakipiga soga, na aliyeitwa na shughuli nyingine aliinuka, akarudi baadaye.

Walipomwona Spana walinyamaza. Mama Pacha aliketi mkekani, akachukua konzi ya karanga, akaanza kubangua.

"Tusemeni ukweli," aliwaambia. "Huyu binti anajifunza. Mkimficha, mtakuwa mmemnyima."

Mwenyekiti aliguna. "Haya. Mlango wetu ni huo. Mashine haikupita, tukaiacha nje. Usiku tukawa tunapeana zamu ya kuilinda kama bwana harusi!"

Kicheko kilipasuka chumbani.

"Na kelele zake!" mwingine alidakia. "Watoto wanaamka wote kwa pamoja. Na kuizungusha ni lazima usimame. Mimi mgongo huu wa kusimama nilishauacha ujanani."

"Nati moja ililegea," alisema wa tatu kwa upole. "Hatukuwa na kifaa cha kuikazia. Tukaogopa kuiharibu mali ya watu."

Spana alisikiliza. Kila neno lilimchoma, lakini hakuna lililokuwa la uongo. Alikuwa amepima kasi ya mpini na nguvu ya chuma. Hakuwa amepima mlango.

Njiani alishindwa kujizuia, akafuta machozi kwa mkono wa blauzi.

"Usilie," Mama Pacha alisema. "Mimi yalinikuta nikiwa tayari kazini. Nilibuni ndoo ngumu ajabu. Nikaingia nayo kwenye kikao, kifua mbele. Meneja akaniuliza: nani ataitumia, itatugharimu nini kuitengeneza, na itafikaje dukani? Nikabaki mdomo wazi. Chuoni nilifundishwa kufanya kitu kifanye kazi. Hakuna aliyenifundisha kuuliza kinafanya kazi kwa ajili ya nani. Ilibidi nirudi kusomea biashara nikiwa na mimba ya hawa pacha, miguu imevimba."

"Kwa hiyo biashara si kuuza tu?"

"Kuuza ni kipande chake. Unajifunza kumsikiliza mteja kabla hujachora. Unajifunza kukadiria gharama, kupanga kazi, na kuelewana na watu wasiojua hesabu zako. Siku hizi mnafundishwa yote pamoja, hata mradi wa chuo mnaufanya pamoja na wanafunzi wa biashara. Ukitoka hapo, unaweza kuajiriwa kiwandani, au ukaanzisha chako. Na hesabu zako za uhandisi ziko palepale. Hakuna anayekunyang'anya."

Spana akasema, "Baba hatanielewa."

"Umemwambia, au umenong'ona?"

*

Usiku ule Spana hakunong'ona. Alimweleza baba yake yote waliyoyasikia: mlango, kelele, mgongo, nati. Safari hii alifika mwisho.

"Nataka kuikata miguu, Baba. Na fremu iwe ya chuma kimoja badala ya viwili. Nimepiga hesabu, itahimili."

Baba aliweka kikombe chini. Kuchomelea chuma cha pili pale panapotosha kimoja kulikuwa ndiyo sahihi yake. Kila geti alilolitengeneza mtaani lilijulikana kwa hilo. Aliinuka akaenda kulala.

Asubuhi Spana alichukua sumaku yake. Alipoiburuta karibu na mashine, ilijaa vumbi jipya la chuma, tele, likisimama kama manyoya. Aliinua macho. Miguu ya mashine ilikuwa imekatwa. Vyuma vya ziada vililala ukutani, vimepangwa vizuri. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti yakikaribia kidevu, akijaribu kuuzungusha mpini.

"Mpini uko juu mno kwa mtu aliyekaa," alisema. "Leta chaki."

Walifanya kazi kila jioni. Spana alichora, baba akakata. Walipachika vipande vya tairi kuukuu ndani ili kupunguza kelele. Nati zote wakazifanya za saizi moja. Spana akafunga spana ndogo kwa mnyororo ubavuni, isipotee.

Mwezi ulipokaribia kwisha, waliipeleka wenyewe kwa mkokoteni mpaka mtaa wa pili. Mlangoni baba alisita, akashusha pumzi. Mashine ilipita.

Mwenyekiti alikaa mkekani, akazungusha mpini. Karanga zilidondoka kwenye ungo, maganda yakamwagika kando. Mtoto kwenye kanga aligeuka upande, akaendelea kulala.

"Eeh!" mwenyekiti alisema. "Sasa hii imekuja kukaa na sisi." Kisha akamgeukia baba. "Fundi, dada yangu ana kikundi kama hiki. Tukuletee, au wewe ni wa kurudishiwa tu?"

"Mleteni," baba alisema. "Lakini kwanza huyu binti atakwenda kuwaona wanavyofanya kazi."

Walirudi polepole, mkokoteni mtupu ukigongagonga mbele yao. Baba alisimama kabla hawajafika karakanani. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Siku ile nilikwambia mhandisi hauzi," alisema. "Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha nini, Baba?"

Baba alichomoa kijiti kilichokwama kwenye gurudumu la mkokoteni.

"Niliogopa. Nilijua ukijifunza kuuliza kitu hiki kinamfaa nani, utarudi nyumbani utazame vyuma vyangu vyote, kisha uniulize mimi. Na mimi sikuwa na jibu." Aliushika mpini wa mkokoteni. "Kajiandikishe, mwanangu. Soma vyote viwili. Halafu urudi uniulize."