Konzi Moja ya Udongo

Hiltrud mwokaji mikate, ambaye sisi wa kando ya mto Moseli tunamhesabu miongoni mwa mabibi wa mabibi zetu, alikuwa mjane mnene, mtu wa utani, mwenye miguu iliyofika Uhispania kwa hija ya Mtakatifu Yakobo. Mwenyewe alisema alikwenda kupunguza dhambi na tumbo, akarudi vyote viwili vimenenepa. Kila mchana, mikate ikishatoka tanurini, alijikung'uta unga, akabeba bakuli la uji wa shayiri na kipande cha mkate mweusi, akapanda kilima hadi kanisani kumlisha mdogo wake aliyekufa.

Aliyekufa kwa taratibu za kanisa, yaani. Yda alikuwa mzima, ila alifungiwa ukutani, awe mtawa wa kusali peke yake, msimu wa mavuno ya zabibu. Alilala kifudifudi mbele ya altare, Padri Volmar akamsomea misa ya wafu toka mwanzo hadi mwisho, akamnyunyizia majivu. Kisha Yda akainuka, akaingia kwa miguu yake, akiimba, ndani ya kichumba kilichoegemea ukuta wa kanisa. Mwashi akaziba mlango kwa mawe. Kikabaki kidirisha chenye pazia jeusi, cha kupitishia bakuli. Kisha akavishwa jina la mtawa aliyemtangulia humo, kama ilivyo desturi ya chumba kile. Kwa mji mzima akawa Guda. Hiltrud peke yake aling'ang'ania Yda. Mtu uliyemfuta kamasi, alisema, na ukamfunga kitambaa siku shoka la kuni lilipomla nusu ya kidole cha mwisho, huwezi kumbadilishia jina ukubwani.

Guda wa kwanza alikuwa fahari ya mji. Alifunga kula mpaka watu wakatoka Trier kuja kusikia anavyokohoa. Wanawake wasiozaa walisugua matumbo kwenye ukuta wake. Yda alikulia chini ya kidirisha kile, binti wa tanuri anayenukia mkate wa moto, akimsikiliza mtu asiyehitaji kitu. Hiltrud alimuuliza siku moja ni utamu gani ule.

"Dada, sisi kutwa kucha ni tumbo," Yda alimwambia. "Yule amelishinda. Sauti yake nyepesi, kama ameshaondoka."

"Mimi langu hata sijajaribu," Hiltrud alijibu. "Lina nguvu kunizidi."

Guda huyo wa kwanza alipokufa, Padri Volmar hakumsomea misa. Alisema ilishasomwa siku ile alipoingia, na aliyekufa hafi mara mbili. Mwashi alibomoa kidogo, wakamteremsha kwenye kaburi alilokuwa amelichimba mwenyewe humo ndani, wakafukia, basi. Sasa, kanuni inamtaka mtawa wa ukutani achimbe kaburi lake kwa vidole, konzi moja ya udongo kila siku, asisahau aendako. Chumba kilikuwa chembamba, hakina nafasi ya makaburi mawili. Yda akachimba palepale.

Hata hilo Hiltrud alilitania. Alisema mdogo wake amepata mpangaji wa chini, tena mstaarabu, hana kelele.

Kwaresima ikaingia. Hiltrud, aliyekuwa akihofia mdogo wake atajiua kwa njaa, alifurahi kuona bakuli linarudi tupu, tena limerambwa likang'aa. Lakini sauti ya nyuma ya pazia ilizidi kukonda.

"Unakula vizuri, mdogo wangu."

Mnong'ono ukatoka nyuma ya pazia.

"Sijala tangu Jumatano ya Majivu, dada."

Hiltrud alicheka. Kicheko kikafia njiani. Bakuli lilikuwa mkononi mwake, bado lina unyevu wa ulimi.

"Anayekula ni nani?"

"Yeye aliye chini. Ana njaa, dada. Njaa ya miaka yote ile."

Kesho yake, mchana mweupe, njiwa wakilia juu ya paa, mkono ulitoka chini ya pazia kupokea bakuli. Ulikuwa umekauka kama tawi la mzabibu. Kucha zimejaa udongo. Hiltrud alivitazama vidole.

Vyote vilikuwa vizima.

Aliachia bakuli, akaegemea ukuta. Akamsihi mdogo wake atoke, yeye mwenyewe atamwita mwashi, lawama atazibeba.

"Nikitoka nitakuwa nani?" Yda alinong'ona. Halafu akasema, kama mtu anayerudia anachoambiwa sikioni: "Anasema hakuna aliyemwambia kuwa amekufa. Walimwambia akiwa hai. Hakuamini."

Hiltrud aliteremka mbio kwa Padri Volmar, yeye ambaye alikuwa hakimbilii hata mkate unaoungua. Akaomba mawili: ukuta ubomolewe, au Guda asomewe misa yake. Padri alikataa yote. Ukuta ni amri ya askofu, anayeugusa atatengwa na kanisa. Na misa hairudiwi. Hiltrud akamwambia vema, na yeye tangu leo harudii mkate. Siku ya Pasaka Baba atakula mahubiri yake. Padri, aliyependa mkate laini kuliko alivyokiri, alichukua kitabu.

Walisimama mbele ya kidirisha, jua la adhuhuri mgongoni. Padri alisoma harakaharaka. Hiltrud alifumba macho, akahisi mzigo unamtoka.

"Umpokee mtumishi wako Guda," Padri akasoma.

Ndani, sauti mbili ziliitika amina. Moja ilikuwa nzito, yenye afya. Nyingine ilikatika katikati ya neno.



"Dada," Yda alinong'ona. "Amemzika nani?"

Hapo ndipo Hiltrud alipokumbuka kuwa Guda sasa ni jina la Yda pia. Alimshika Padri mkono wa joho, akamwomba asome tena, amtaje Guda wa kwanza, aliye chini. Padri akafunga kitabu.

"Nimeshasoma," alisema.

Pazia halikutikisika tena. Hiltrud alimwita Yda. Akaita. Padri akiwa bado anaonya juu ya kutengwa, yeye aliteremka, akarudi na nyundo ya mwashi na mwashi mwenyewe nyuma yake, na pigo la kwanza alilipiga yeye, ili dhambi iwe yake. Jiwe likaanguka. La pili. La tatu. Mwanga ukaingia.

Hapakuwa na mtu.

Kaburi lilikuwa limefukiwa. Udongo umesawazishwa vizuri, kama mtu anavyosawazisha unga uliokandwa. Juu yake viganja vimepigwa chapa kila mahali. Vidole vizima.

Walichimba kwa mikono. Yda alikuwa amelala humo, mikono kifuani, angali na joto. Hiltrud alimpakata, akampuliza, akamsugua. Joto likaondoka taratibu mikononi mwake. Mwashi akaendelea kuchimba chini, akitafuta mifupa ya yule wa kwanza. Alichimba mpaka kwenye mwamba. Hapakuwa na kitu.

Misa ya Yda haikusomwa. Padri alisema huyo sasa ameshasomewa mara mbili, na hakuna mtakatifu aliyepata zaidi.

Hiltrud akarudi kwenye tanuri, maana watu wanakula hata wewe ukilia. Asubuhi moja alifunua kitambaa juu ya unga uliolala ukiumuka. Katikati palikuwa pamechotwa konzi moja. Alama za vidole zilikuwa nyembamba, zote kamili. Hakumwambia mtu. Alikanda upya. Asubuhi iliyofuata palichotwa tena, na iliyofuata, na akazoea, kama mtu anavyozoea panya. Akaanza kukanda unga wa kuzidi. Utani ukamtoka.

Mizabibu ilipochanua, alifunua kitambaa akakuta mashimo mawili, ubavu kwa ubavu. La kwanza alilijua.

La pili alilitazama muda mrefu, mkono mdomoni. Lilichotwa kwa woga, konzi ndogo, ya mtu asiyezoea kula. Kidole cha mwisho kilikuwa nusu.