Sindano ya Mwanahamisi Kwenye Wavu wa Aruna

Kicheko nilikisikia kabla sijaona mtu. Kilitoka nyuma ya uzio wa matete wa Aruna, kikapanda, kikakatika, kikaanza tena kwa pumzi ya mtu anayejizuia. Ningekitambua hata katikati ya soko la Rumonge siku ya Idi. Kilikuwa cha Mwanahamisi, mchumba wangu.

Niliyatenga matete kwa vidole. Mwanahamisi alikuwa amekaa mkekani, wavu wa Aruna umemwagika mapajani mwake, mkononi ameshika sindano ya kushonea nyavu. Aruna alichutama mbele yake, karibu mno, akimshikia uzi.

Mtu wa mbali angesema ni kazi tu. Mwanamke wa pwani yetu huanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, huuza ndagala, hugombana na wanunuzi wa Bujumbura mpaka washushe macho. Lakini sindano ya wavu haigusi, isipokuwa wavu uwe wa mume wake. Bibi arusi akionekana mlangoni anashona, majirani husema nyumba imesimama. Wavu wangu Mwanahamisi hakuwahi kuugusa. Tulikuwa tunangoja nikaha.

Na ule wa Aruna ulikuwa kokoro, wavu wa kuvutwa kutoka ufukweni. Hapo ndipo damu iliponichemka mara mbili.

Vita vilikuwa vimetufungia ziwa. Jeshi lilikataza kuvua usiku kwa hofu ya waasi wanaovuka, na sisi tunaovua kwa taa tukaziweka karabai zetu uvunguni. Wenye makokoro wakabaki na ziwa peke yao, wakivuta mchana kutwa, na mwisho wa nyavu zao wameshona mfuko wa chandarua usioacha hata kifaranga cha ndagala. Wazee walikuwa wakisema maji yamepata joto, milima imekatwa miti, samaki wameshuka chini. Juu ya hayo yote, watoto wa samaki wanakaangwa. Ndiyo maana tuliunda kamati, na mimi nikawa mdomo wake, kwa kuwa natunga mashairi na kunyamaza sijui. Niliwaapisha wanaume wa pwani, mmoja mmoja, kwamba hakuna atakayetia sindano kwenye kokoro la mtu yeyote.

Musitanteri, mkuu wa komini, wilaya yetu ndogo, alitusikiliza, akasema wenye makokoro wanalia kwamba bila chandarua watakufa njaa. Tumpelekee mmoja wao, mmoja tu, aliyekubali kuvua kwa mfuko wa macho makubwa, naye atapiga marufuku. Tulimtafuta huyo mmoja, tukamkosa. Maandamano yetu kwake yalipangwa Jumamosi, na tungekwenda mikono mitupu.

Jioni nilimkuta Mwanahamisi mchangani, anakusanya ndagala zilizokauka.

— Umeshinda wapi leo?

— Kwa watu.

— Watu gani?

— Sogea, Karimu, unakanyaga samaki.

— Sindano ya wavu umeishika, hukuishika?

Mikono yake ikasimama.

— Umenichungulia?

— Nimeuliza.

— Nimeishika. Jumamosi nitakwambia kwa nini. Kabla ya hapo usiniulize, nimetoa neno langu.

— Kwa Aruna.

— Kwa Aruna.

— Alikuchekesha nini?

Alinitazama kama mtu anayetafuta mwiba kwenye kidole.

— Kumbe hicho ndicho kinachokuuma.

Mama Généreuse, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa akianika pembeni yetu, hakuinua hata kichwa.

— Wewe mutoto, muke akicheka ni kwa sababu iko na meno. Enda kwenu.

Nilienda. Nilikula bila kuonja, na mpaka kulipokucha nilikuwa nimetunga ubeti.

Jumamosi tuliandamana. Wanaume tulibeba karabai zetu zisizowaka, juani, na wanawake vikapu vitupu vichwani. Askari walijipanga pande zote mbili za barabara. Ruhusa yetu ilikuwa mpaka saa sita, na kutoka upande wa Kizuka risasi moja moja zilikuwa zikisikika, mbali, kama mtu anayegonga debe. Musitanteri alitoka barazani, akasimama. Watu wakaniita mbele.

Nilikuwa na shairi la ziwa, la joto la maji, la watoto watakaoikuta ndagala kwenye hadithi. Lote nililijua kwa moyo. Lakini nilimtafuta Mwanahamisi katika vikapu, hayupo. Nikamtafuta Aruna kati ya wenye makokoro waliokuja kutuzomea, hayupo. Mdomo ukafunguka wenyewe:

Iko sindano ya pwani, yashona wavu si wake,
Mwenyewe alo nyumbani, angoja nikaha yake...

Wanawake waliguna. Kila mmoja alijua ni sindano ya nani, kwa maana pwani yetu ni ndogo. Mama Généreuse alishusha kikapu chake.

— Umemuvua nguo muchumba wako mbele ya askari — aliniambia polepole. — Kwa kicheko.

Nilikuwa natazama barabara ya ufukweni. Aruna alikuwa anakuja na wavutaji wake, kokoro limening'inizwa kwenye miti mabegani mwao, na mbele yao Mwanahamisi, sindano ikiwa imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa. Walikuwa wamekwisha kukaribia. Alikuwa amesikia.

Aruna alitupa chini rundo jeusi linalonuka: mfuko wake wa chandarua, umekatwa.

— Bwana musitanteri, ulitaka mmoja — alisema. — Mimi hapa. Mfuko mpya ni huu, una macho, ndagala mdogo anapita. Nilikuwa nauficha kwa sababu wenzangu hawa wangeuchoma moto kabla haujaisha.

Wenye makokoro wakaanza kumtukana. Nami, badala ya kufurahi, nikauliza swali la mtu mwenye wivu.

— Umempa nini Mwanahamisi akushonee?

— Uliza alininyima nini. Nilimtaka, sitaficha. Nilimwambia aniache nipeleke posa, wavu nitaukata siku hiyohiyo. Akaniambia ana mtu wake, mtu mwenye kelele lakini ni wake, kwa hiyo niukate bure. Siku nyingi alikuja, na siku nyingi nilikataa, mpaka nikaona haya nikaukata.

— Na wewe hukuweza kushona mwenyewe?

— Kokoro nimelirithi, sindano sikurithi. Mafundi wangu wote uliwaapisha.

Mwanahamisi alisogea mpaka nikasikia moshi wa ndagala kwenye nguo zake.

— Uliwaapisha wanaume, Karimu. Mimi si mwanaume. Nikaona nimebaki mimi tu.

— Ungeniambia.

— Ungenyamaza?

Hata askari mmoja alicheka. Mwanahamisi hakucheka.

— Maliza ubeti wako. Umeuanza mbele ya watu.

— Umekwisha.

— Haujaisha. Imebaki mistari miwili. Mimi nahesabu vizuri.

Musitanteri alishuka, akaingiza kidole kwenye jicho moja la wavu, kisha jingine, akafika mahali ambapo mfuko ulikuwa bado unaning'inia, nusu yake haijashonwa kwenye kokoro.

— Huu haujafungwa — alisema. — Nilisema wavu, sikusema kitambaa. Saa sita watu hawa wanaondoka, umefungwa au haujafungwa.

Mwanahamisi alikaa chini palepale, mbele ya ofisi ya komini, akachomoa sindano. Wavu unaoshonwa hutaka mtu wa pili aukaze, la sivyo mafundo yanalegea. Aruna alikunja mikono ya kanzu na kupiga hatua.

Nilimtangulia. Nikapiga magoti vumbini, nikaukaza wavu wa hasimu wangu kwa mikono iliyowaapisha wengine wasiuguse. Mwanahamisi hakuniangalia. Sindano iliingia, ikatoka, ikaingia. Nilimwomba radhi, kwa sauti, kila mtu akasikia. Alifunga fundo jingine.

— Siku ile — alisema, macho kwenye uzi — Aruna alitaka kujifunza. Akashona wavu pamoja na kanzu yake. Aliposimama akaanguka. Hicho ndicho nilichokicheka.

Nilimtazama Aruna. Pindoni mwa kanzu yake kulikuwa na kipande cha uzi wa wavu, bado kimening'inia. Nilicheka mpaka machozi, naye Mwanahamisi akashindwa kujizuia, kikapanda kile kicheko, safari hii karibu yangu.

Fundo la mwisho lilipokazwa, musitanteri alivuta mfuko kwa mikono miwili. Haukuachia. Akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu chandarua ni marufuku ziwani katika komini yake. Akina mama wakapiga vigelegele, karabai zisizowaka zikainuliwa juu. Aruna alimpa Mwanahamisi mkono, na nikaona anauchelewesha.

Nilisimama katikati yao, magoti yamejaa vumbi.

— Mwanahamisi, mistari miwili iliyobaki nitaisema siku ya nikaha yetu, mbele ya watu hawahawa, na itakuwa ya kukusifu. Na Aruna nitamkalisha mkeka wa mbele kabisa, aisikie vizuri.