Dawa Ilipitia Wapi?

Fundi wa paa alizinduka kutoka kwenye upasuaji wa mgongo akipiga yowe. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Miguu yake ilirukaruka kitandani kama ya mtu anayekimbizwa, kisha mtukutiko ukapanda mpaka meno yakagongana. Muuguzi wa chumba cha kuamkia akakimbilia kengele ya dharura.

Mkaguzi wa usalama wa wagonjwa alikuwa daktari wa makamo. Wafanyakazi walimwita Mama Kwanini, maana swali hilo halikumkauka mdomoni. Alipoingia, daktari wa usingizi alikuwa ameshamchoma mgonjwa dawa ya degedege, jasho likimtiririka.

"Ni huyu!" alinguruma Profesa, mkuu wa upasuaji, akimnyooshea kidole. "Kachanganya vichupa. Dawa ya kukausha damu ikiingia kwenye neva za uti wa mgongo, mtu hutukutika hivi hivi."

"Kwa nini yeye?"

"Nani mwingine aliyekuwa na sindano?"

Mama Kwanini akamgeukia mtuhumiwa. "Ulimchoma ganzi ya mgongoni?"

"Hapana, Dokta. Nilimlaza usingizi kamili. Dawa zangu zote zilipita mkononi. Mgongo wake sikuugusa hata kwa ukucha."

Muuguzi wa upasuaji, aliyekuwepo mgonjwa akilazwa usingizi, akaitikia kwa kichwa.

Mama Kwanini akainama, akamgeuza mgonjwa ubavu taratibu. Kidonda kilikuwa kimevujia shukani. Doa lilikuwa jekundu katikati, na pembeni limezungukwa na duara la majimaji yasiyo na rangi. Akalitazama, kisha akainua uso.

"Profesa, dawa hiyo uliimwaga wewe kwenye kidonda?"

"Ndiyo. Damu ilikuwa inachuruzika. Lakini niliimwaga nje ya utando unaofunika neva. Utando ndio kinga."

"Na kama ulikuwa umechanika?"

"Ningeuona!"

"Ulikuwepo muda wote?"

Profesa akasita. "Niliitwa kwenye simu, mara moja tu. Niliporudi, msaidizi wangu alikuwa ameondoa kipande cha mwisho cha mfupa na kufunika pale kwa pamba. Nikamwaga juu yake."

Macho yote yakamwendea msaidizi, daktari wa kike aliyekuwa akimalizia mafunzo ya upasuaji. Tangu Mama Kwanini aingie alikuwa sinkini, ananawa mikono iliyokwisha kutakata.

"Binti yangu," Mama Kwanini alisema kwa upole, "chini ya pamba kulikuwa na nini?"

"Damu."

"Kwa nini uliifunika kabla Profesa hajatazama?"

Akazidi kusugua vidole. Kitandani, miguu ya fundi ikaanza kuruka upya.

"Nisikilize. Doa lile linaonekana kuwa na maji ya uti wa mgongo, ila doa linaweza kudanganya. Kama dawa imeingia ndani, inabidi tumfungue sasa hivi, tuyatoe maji hayo na kumsafisha. Kama haikuingia, kumfungua ni kumwongezea hatari bure. Anayejua ni wewe peke yako. Mke wa fundi yuko hapo mlangoni."

Bomba likaendelea kumwaga maji. Msaidizi hakulifunga.

"Kuna tundu kwenye utando," alisema. "Koleo la kuondolea mfupa liliteleza. Nilitaka kumwambia akirudi. Aliporudi akashika dawa, na mimi... mdomo ukagoma."

Profesa akamjia juu. "Ukaniacha nimwage?"

"Wiki iliyopita ulimfukuza mwenzangu mbele ya wagonjwa kwa ajili ya uzi uliokatika! Mimi nimebakiza mtihani mmoja. Niliogopa."



"Ugomvi baadaye," alisema Mama Kwanini. "Profesa, kanawe."

Walimrudisha fundi chumba cha upasuaji, wakamsafisha, wakalishona tundu. Ilipofika alasiri, miguu ilikuwa imetulia, ingawa hakuna aliyethubutu kuahidi kwamba atapanda paa tena. Daktari wa usingizi alikaa chini sakafuni, akalia kama mtoto. Msaidizi alisimamishwa kazi kwa kumficha Profesa lile tundu. Profesa naye akaitwa kujieleza kuhusu ukali wake.

Kabla ya kuondoka, msaidizi aliomba azungumze yeye mwenyewe na mke wa fundi. Alimweleza yote wakiwa wamesimama ukumbini.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyenyamaza," mke alisema, "au ndiye uliyesema?"

"Ni mimi, dada. Yote mawili."

Mke alimtazama mpaka yule daktari akainamisha uso. Kisha akajifunga kanga vizuri.

"Nipeleke nikamwone," akasema.