Njoo Maji Mafu

Jioni ile dada alinituma betri za tochi. Mimi ni fundi funguo, nina kibanda changu na mvi zangu kichwani, lakini kwa dada bado natumwa dukani kama mtoto. Sijawahi kukataa. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenilea, na ndoa yake akaichelewesha mpaka nilipoweza kujipikia.

Niliporudi nilimkuta sebuleni, hajavua hata sare yake ya ukunga. Alikuwa ametandaza ramani ya ufuko mezani na kuikandamiza kwa vikombe ili isijikunje.

"Umezipata?"

"Nimezipata. Dada, hii safari ni ya lazima?"

"Usianze."

Safari yenyewe ilikuwa ya kusaka kikasha. Ni mchezo wa watu waliokosa la kufanya. Mmoja anaficha kikasha mahali, anaweka vipimo vya mahali hapo kwenye simu, na wengine wanafuata mshale hadi wakipate. Ukikipata, unaandika jina lako ndani yake, unakirudisha kilipokuwa. Basi! Watu wazima na ndevu zao.

Aliyetuletea mchezo huo ni shemeji, mume wa dada, aliyekuwa mpima ardhi. Marehemu hasemwi vibaya, lakini mimi nitamsema. Alikuwa mtu wa kujipenda. Alimwacha dada peke yake kila sikukuu, akazunguka maporini na vikasha vyake, akirudi anataka chai ya moto na kusifiwa. Mimi aliniita Kitasa, eti kwa sababu sifunguki. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Mwaka juzi alikwenda kuficha kikasha kwenye ufuko ulio nyuma ya jabali, ambao haufikiki ila maji yakipwa. Kikasha kilifika, maana vipimo vyake vilitokea kwenye simu. Yeye hakurudi, na mwili hatukuupata. Dada alilia mpaka macho yakabadilika rangi.

Tangu hapo hakuna aliyekipata kile kikasha. Dada alitaka awe wa kwanza. Nilikubali kumsindikiza kwa sharti moja, kwamba twende siku za bamvua, mchana kweupe. Bamvua bahari hujaa sana na kupwa sana, na maji yakitoka, njia ya mchanga hubaki wazi mpaka kwenye jabali. Maji mafu ni kinyume chake. Bahari hujikokota tu, haijai sana wala haipwi sana, na njia ile haionekani kabisa. Hilo hata mtoto wa pwani analijua.

"Jumamosi ni bamvua," nikasema. "Tutatoka asubuhi."

"Tunakwenda kesho."

"Kesho ni maji mafu! Utapita wapi, dada? Juu?"

Akanisogezea simu. Ulikuwa ukurasa wa kikasha, pale wasakaji wanapomuuliza maswali aliyekificha. Dada alikuwa ameandika, "Nije lini?" Chini yake palikuwa na jibu, nalo lilikuwa na jina la shemeji.

*Njoo maji mafu.*

"Huyu ni mhuni," nikasema. "Kuna mtu ameingilia akaunti yake. Watu hawana haya siku hizi."

Simu ikatetemeka mkononi mwangu.

*Kitasa naye aje. Aache betri. Huku hakuna giza.*

Sebuleni mlikuwa na harufu... ya mwani ulioozea juani. Na kutoka kwenye simu, ambayo sikuwa nimeiongezea sauti, nikasikia kitu kikienda na kurudi.

Shwaa...

Shwaa...

"Unasikia?" dada akanong'ona. Alikuwa anatabasamu. "Ndivyo alivyokuwa akipumua usingizini."

Kesho yake nilimfungia ndani. Naam, nilimfungia dada yangu mwenyewe, na sijutii. Madirisha yetu yana nondo, na kitasa cha mlango nilikitia kwa mikono yangu. Hakina funguo mbili. Nikaenda kazini, nikaharibu kazi za watu mchana kutwa.

Niliporudi jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile nilivyouacha. Nikafungua.

"Dada?"

Nikaingia.

Sakafu ilikuwa na maji. Nikachovya kidole, nikaonja.

Chumvi.

Nilikodi pikipiki mpaka ufukoni. Dereva alitaka kunisubiri, lakini alipoiangalia bahari akageuza bila kuaga. Nami nikaiangalia. Maji yalikuwa yamesimama, hayapigi, hayapumui. Na katikati yake, siku ambayo haiwezekani, njia ya mchanga ilikuwa wazi na kavu hadi kwenye jabali.

Nyayo za ndara za dada zilianzia pale niliposimama. Pembeni yake palikuwa na nyayo za miguu mitupu. Hizo zilitoka jabalini, zikafika mpaka nchi kavu, zikageuka, zikarudi pamoja naye.

Alikuja kumpokea.

"Dada!" niliita. Sauti haikwenda mbali.

Akatokea nyuma ya jabali, anatembea polepole, kilemba kimelowa. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu siku ya harusi yake. Aliponifikia akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Twende nyumbani," akanong'ona. "Usiangalie nyuma yangu."

Nyuma yake mchanga ulikuwa unafanya chwa... chwa... Sikuangalia. Harufu ya mwani ilitufuata.

Tulipofika barabarani nikauliza, "Umekipata?"

"Nimekipata."

Mchezo ule una kanuni moja ambayo shemeji hakuchoka kuirudia. Unaweza kuchukua kilichomo kikashani, ila ukichukua kitu, uache kitu chenye thamani ileile. Mikono ya dada ilikuwa mitupu. Na nyuma yetu mtu alikohoa, kikohozi ninachokijua.

"Dada... umeacha nini?"

Alisimama. Akaninyooshea kola ya shati, kama alivyokuwa akifanya kabla sijaenda shule.

"Niliandika jina."

"Jina la nani?"

Akalitaja. Lile alilonipa mama.

"Sina kingine cha thamani hiyo, mdogo wangu," akasema. "Nilitafuta sana. Sina."

Sasa mezani kwetu huwekwa sahani ya tatu. Siioni ikiliwa, ila huondolewa tupu. Chumbani kwa dada mtu huzungumza kwa sauti ya chini, naye dada hucheka. Kwangu mimi maji ya bomba yamekuwa ya chumvi, kwangu tu, kwani dada anakunywa ya bomba hilohilo na haonji kitu. Asubuhi viatu vyangu vina mchanga. Nimebadilisha vitasa vyote vya nyumba, nikajicheka mwenyewe.

Maji mafu yanarudi karibuni. Dada anajua, maana ameanza kunipikia vizuri. Usiku hunifunika shuka akidhani nimelala, na husimama pale mlangoni kwa muda mrefu. Nasikia anavyolia. Halafu anaitwa, anakwenda.

Ningeweza kukimbia, na watu wangenielewa. Lakini kinachonikaa kooni si bahari, wala si shemeji na ubinafsi wake ambao hata kifo hakikuupunguza. Ni kwamba dada alishika kalamu akaandika bila kunishauri.

Angeniuliza tu. Huenda ningeandika mwenyewe.