Namba za Uongo Katika Daftari la Ayeeyo

Kila asubuhi, mama yake alipokwisha kwenda sokoni kuuza maziwa ya ngamia, Ruweyda alivuta mizani kutoka chini ya kitanda na kuiweka mahali ambapo sakafu haina mabonde. Nyanya yake, ambaye kwa Kisomali walimwita Ayeeyo Maka, alikuwa ameshatoka chooni, hajaonja chai, na amevaa lile dera lake jepesi la siku zote. Alipanda juu ya mizani huku amemshika mjukuu wake begani. Ruweyda aliinama, akasoma namba na kuiandika katika daftari. Kisha alimpa vidonge vyake, akatupa mkoba mgongoni na kukimbilia shule.

Kazi hiyo alifundishwa na Sista Wilkister, muuguzi wa hospitali ndogo ya mtaani kwao, Waberi. Miezi miwili nyuma, Ayeeyo alikuwa amelazwa huko kwa ugonjwa wa moyo. Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, Sista Wilkister alimkalisha Ruweyda kwenye benchi na kumweleza kama mtu mzima.

"Moyo wa nyanya yako umechoka. Hausukumi damu inavyotakiwa, kwa hiyo maji hubaki mwilini. Huanza miguuni, hupanda tumboni, mwisho huingia kwenye mapafu. Yakifika huko, mtu huzama akiwa nchi kavu."

Nje, jua la Garissa lilikuwa likichoma mabati.

"Mizani huyaona maji kabla ya macho," Sista aliendelea. "Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, usingoje. Nipigie simu. Chumvi asionje, na vidonge vya kutoa maji asiache hata siku moja. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Sista."

Mama yake, Sadia, hakujua kusoma wala kuandika. Kwa hiyo daftari lilikuwa mikononi mwa Ruweyda peke yake, naye alijivunia. Kwa wiki nane aliandika bila kukosa: sitini na mbili, sitini na mbili na nusu, sitini na mbili.

Kisha ikaja wiki ya harusi.

Sakariye, mjukuu wa kwanza wa Ayeeyo, alikuwa anaoa katika mji wa Griftu siku ya Jumapili. Basi lingeondoka Garissa Jumamosi asubuhi. Ruweyda, ambaye kwa miaka yake yote kumi na miwili hakuwahi kwenda mbali zaidi ya daraja la Mto Tana, alikuwa tayari ameshonewa nguo ya rangi ya zafarani. Aliitoa kabatini kila siku, akaitazama, akairudisha.

Jumatatu jioni liliingia kopo kutoka Griftu. Ndani yake mlikuwa na nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikatiwa chumvi na kuhifadhiwa ndani ya samli. Ayeeyo alifungua kifuniko, akafumba macho na kuvuta harufu.

"Ayeeyo, ina chumvi," Ruweyda alisema.

"Kidogo tu. Ni zawadi ya harusi. Nani hukataa zawadi?"

Kidogo hicho kilirudiwa Jumanne asubuhi na Jumanne jioni. Jumatano mizani ilisema sitini na nne. Ruweyda alidhani amesoma vibaya. Alimwomba Ayeeyo ashuke na kupanda tena. Sitini na nne.

"Kilo mbili, Ayeeyo. Lazima nimpigie Sista."

Ayeeyo Maka alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, na pete yake ya fedha ilikuwa imezama katika nyama. "Ukimpigia, atanilaza. Sitamwona Sakariye akioa. Na wewe je, nani atakupeleka Griftu? Andika ya jana. Tukirudi, nitakunywa dawa zote, wallahi."

Ruweyda alitazama mlango wa kabati. Hakufundishwa kubishana na nyanya yake. Lakini moyoni alijua kwamba si heshima peke yake iliyousogeza mkono wake. Alitaka kwenda harusini. Akaandika: sitini na mbili.

Siku hiyo Ayeeyo alikisukuma pembeni kile kidonge cha kutoa maji. "Hiki kinanipeleka chooni kila saa. Ndani ya basi nitafanyaje? Acha mwili uzoee." Ruweyda alikirudisha ndani ya chupa.

Alhamisi mizani ilisema sitini na tano. Alipokuwa akimfunga Ayeeyo viatu, kamba hazikufika. Alibonyeza muundi wa mguu wake kwa kidole gumba, kama Sista alivyomwonyesha. Kidole kilipotoka, shimo lilibaki, kama alama ya kwato kwenye tope. Alilitazama kwa muda mrefu. Halikufutika.

Jioni simu ndogo ya Ayeeyo ililia. Alikuwa Sista Wilkister.

"Ruweyda, habari za mgonjwa wetu? Uzito?"

Ayeeyo alikuwa akimkodolea macho kutoka kitandani.

"Sitini na mbili, Sista."

"Vizuri sana! Nipe yeye nimsalimie."

Ayeeyo alichukua simu, akavuta pumzi kwanza. "Mimi nimebona, Sista. Nimebona kabisa," akasema kwa Kiswahili chake cha kugeuza "p" kuwa "b". Alipokata simu, alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

Mama aliporudi aliuliza swali lilelile, akapata jibu lilelile. "Na kikohozi hiki?" akauliza. "Vumbi," Ayeeyo alijibu. Upepo ulikuwa umevuma wiki nzima, na kila mtu mtaani alikuwa akikohoa. Mama aliamini.

Ijumaa ilikuwa sitini na sita na nusu; daftarini akaandika tena sitini na mbili. Ayeeyo hakuweza tena kulala kwa mito miwili. Aliweka mitatu, kisha akaacha kulala na kuketi akiwa ameegemea ukuta. Wakati wa swala ya adhuhuri aliinama kusujudu, akainuka haraka kama mtu aliyetolewa kisimani, akihema. Alimaliza swala yake juu ya kiti. Nje, korongo wenye vipara walikuwa wametua juu ya mgunga wa jirani, wamejikunyata kimya. Ruweyda, aliyekuwa amerudi kwa chakula cha mchana, alifunga dirisha. Aliichukua simu, akaitafuta namba ya Sista, akaitazama. Kesho ni safari, alijiambia. Siku moja tu. Akaiweka simu chini.

Jumamosi kulipokucha, mikoba ilikuwa imefungwa mlangoni. Mama aliingia kumwamsha Ayeeyo na kupiga ukelele.

Ayeeyo Maka alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mdomo wazi. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya jivu. Kifuani mlitoka mlio kama wa sufuria inayochemka. Alitaka kusema jambo, akaweza kutoa neno moja tu: "Hewa..."

Mama aliita tuktuk. Dakika kumi baadaye walikuwa hospitalini. Sista Wilkister aliwapokea mbio. Alimkalisha Ayeeyo wima, miguu ikining'inia, akamwekea oksijeni puani na kumbana kidole kwa kile kifaa kidogo cha kupima hewa iliyomo katika damu. Kisha alihesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi. Zilikuwa thelathini na sita kwa dakika, na uso wa Sista ulibadilika.

Daktari Kinoti aliweka kipimo chake mgongoni mwa mgonjwa. "Mapafu yote yanachemka. Inaweza kuwa maji, inaweza kuwa nimonia. Uzito wake umekwendaje?"

Sista alilifungua daftari ambalo Mama alikuwa amelibeba. Alipitisha kidole juu ya namba. "Haujapanda wiki nzima. Na daftari hili naliamini, Daktari. Mtoto huyu nilimfundisha mimi mwenyewe."

"Basi si maji. Amekohoa siku nyingi, midomo imekauka, hajala. Tutibu nimonia. Mwekee dripu, tumuongezee maji mwilini."

Mama alishusha pumzi. "Alhamdulillahi," akanong'ona, kwani alidhani ugonjwa sasa umejulikana.

Ruweyda alitazama mfuko wa dripu ukitundikwa. Maji tele, meupe, yakingoja. Huzama akiwa nchi kavu. Maneno yale yaligonga kichwani mwake. Akisema, Sista hatamwamini tena maisha yake yote. Mama ataaibika mbele ya watu. Ayeeyo alikuwa anamtazama, na safari hii macho yale hayakumwomba anyamaze. Yalikuwa na hofu tupu.

Sindano ilikuwa imeshashikwa.

"Msimwekee maji!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Daftari ni uongo! Jana alikuwa sitini na sita na nusu. Amekula chumvi. Hajanywa kile kidonge tangu Jumatano. Niliandika uongo, Sista!"

Sista Wilkister hakumgombeza. Alipandisha pindo la dera, akabonyeza muundi wa Ayeeyo, akaona shimo lililobaki. Akatazama shingo, ambapo mshipa ulikuwa umetuna.

"Ni maji, Daktari."

"Toa hiyo dripu," Daktari Kinoti alisema upesi. "Lete sindano ya kutoa maji. Na mpira wa mkojo, tupime kila kinachotoka."

Saa zile zilikuwa ndefu. Ruweyda na mama yake waliketi kwenye benchi nje ya wodi. Basi la Griftu liliondoka bila wao. Kila nusu saa Sista alipita na kuandika: pumzi, mapigo, mkojo. Pumzi zilikuwa thelathini na nne. Kisha thelathini na mbili. Mara moja zilipanda tena, na Sista akakimbia kumwita daktari. Mama alianza kusoma Yasini, sura aliyoihifadhi kwa moyo. Ilikuwa alasiri ndipo Ayeeyo alipoegemea mto na kupumua kama watu.

Neno lake la kwanza lilikuwa kwa Mama. "Usimpige mtoto. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Lakini mkono ulikuwa wangu, Ayeeyo," Ruweyda alisema, akalia. "Nilitaka kwenda harusini."

Sista Wilkister alivuta kiti akaketi kati yao. "Ruweyda, leo ulikaribia kumuua nyanya yako, kisha ukamwokoa. Nakwambia yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli. Mimi siwezi kulala nyumbani kwenu. Daktari hawezi. Macho yetu huko ni yako. Ukituambia uongo, hata dawa nzuri hugeuka sumu mikononi mwetu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Leo kilio kilikuwa kimefika mlangoni."

Ruweyda aliitikia kwa kichwa.

Siku nane baadaye, Ayeeyo aliruhusiwa. Miguu yake ilikuwa imerudi kuwa myembamba, na kopo la nyirinyiri lilikuwa limeshapewa majirani. Mama alisimama mlangoni mwa wodi, akamshika Ruweyda kidevu ili amtazame.

"Mimi nilikufundisha kuwatii wakubwa," alisema, "na sitabadilisha hilo. Lakini sikukufundisha lote. Mkubwa akielekea shimoni, heshima si kumfuata nyuma kimya. Heshima ni kumshika nguo na kupiga kelele, hata akikukasirikia."

Ayeeyo Maka, aliyekuwa akivaa viatu vyake pole pole, aliinua kichwa.

"Na akikasirika," akasema, "piga kelele zaidi."