Lipu Isiyokauka

Jumanne moja ya Agosti 1956, mchoraji Wendelin alikuta viraka saba vya lipu kwenye ukuta wa kanisa dogo nje ya Ifakara. Yeye na mwashi wake, Evaristo, walikuwa wamepiga sita.

Hesabu hiyo hakuwa mtu wa kuikosea. Bruda mmoja mzee kutoka Italia alimfundisha kazi kama walivyoifanya wachoraji wa Firenze zaidi ya miaka mia nne iliyopita: asubuhi unapiga lipu ya chokaa na mchanga inayotosha siku moja tu, unaipaka rangi ingali mbichi, nayo ikikauka imeifunga rangi ndani. Ukikosea hufuti. Unabomoa kwa tindo.

Kiraka cha saba kilikuwa mahali palipoachwa kwa uso wa Bikira Maria. Kilikuwa kibichi, na juu yake ilichorwa nyusi moja yenye kovu dogo.

"Umechora lini?" Evaristo aliuliza.

"Wewe umepiga lipu lini?"

"Fundi, usinitanie. Jana nilikuwa kilabuni, waulize watu."

"Nitawauliza."

Ilikuwa nyusi ya Rosa, dada yake Wendelin. Wiki iliyotangulia alimchora kwenye karatasi kwa ajili ya uso wa Bikira, akaitoboa mistari yote kwa sindano ili baadaye apitishe unga wa mkaa kwenye vitundu na sura ihamie ukutani. Karatasi ilikuwa bado sandukuni. Ufunguo alikuwa nao mwenyewe.

Mchana alimkuta Rosa amejifunga khanga hadi machoni.

"Nyusi imenyonyoka, kaka. Hata kovu halipo."

Wendelin alinunua kufuli jipya la sanduku, hakumwambia Evaristo. Jumatano pua ilikuwa ukutani. Alhamisi, macho. Ijumaa, mdomo. Upepo wa kiangazi ulikausha kila kitu isipokuwa kiraka kile, kilichonuka tope na kambale, na ukikisogelea ulisikia kitu ndani kikifyonza maji taratibu. Uso wa Rosa haukuwa na jeraha. Ulikuwa tu uso ambao ukigeuka umeshausahau. Mwanawe Kelestini, wa miezi minane, alimlilia kama mgeni na kukataa ziwa tangu juzi.

"Atakufa mikononi mwangu," Rosa alinong'ona.

Padri alikuwa safarini Mchombe. Wakamwita Mwinyimvua, mganga mwenye duka sokoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakutazama picha. Aligusa lipu, akanusa kidole. "Mchanga huu mmeutoa wapi?"

Wendelin alimgeukia mwashi wake.

"Evaristo?"

"Pale kwenye kona ya mto, Wandamba wanapoweka unga wa matambiko. Si ulitaka mchanga laini, fundi? Unga niliusogeza pembeni tu."

"Anayekaa pale hana uso," Mwinyimvua alisema kwa sauti ndogo. "Mmemleta ukutani, mkamtobolea sura. Bomoeni kiraka kingali kibichi, mchanga urudi mtoni. Kitakachokauka kitabaki chake."

Kana kwamba kilimsikia, kiraka kilianza kuwa cheupe, kutoka chini kwenda juu, na Wendelin akashika tindo na kupiga, akapiga tena, macho yakianguka vipande vipande kwenye gunia huku Rosa akipiga kelele uani kila nyundo iliposhuka, huku ule mfyonzo ukigeuka kuwa pumzi ya mtu aliyechoka, mpaka tindo ikafika kwenye mdomo, ikapinda.

Mdomo ulikuwa umeshakauka.

"Twende na hivi vilivyotoka," alisema Evaristo, akilia.

Waliporudi kutoka mtoni, Rosa alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, khanga begani. Nyusi, kovu, pua, macho, vyote vilikuwapo. Wendelin alimchukua mtoto mkekani, akamkabidhi. Kelestini aliacha kulia, akamtazama mama yake, akanyoosha mkono kumgusa shavu. Rosa akacheka bila sauti, akafungua midomo amwite.

"Kele," iliita sauti yake kutoka ukutani.

Mtoto aligeuza kichwa, akaunyooshea ukuta mikono yote miwili.