Ukurasa wa Tisa

Kila asubuhi kabla ya shule, Menghe alikaanga karanga za kunyunyizia tambi za mama yake. Zaidi ya nusu ziliishia tumboni mwake, na akiulizwa, alimsingizia panya. Lakini asubuhi hiyo mjini Yibin hakuna aliyeuliza habari za karanga. Mama aliketi kando ya jiko lililozimwa, barua mkononi.

Kwa miaka mitatu aliuza tambi chini ya jina la kampuni ya Bakuli la Dhahabu. Mkataba ulipokwisha, alishusha kibao chao akapandisha chake. Sasa kampuni ilimkumbusha alichosaini: asiuze tambi popote nchini China kwa miaka mitano.

"Basi tukauze mwezini," Menghe alisema. Mama hakucheka. Tambi hizo alifundishwa na bibi yake, na kazi nyingine hakuijua.

Jumatatu walikwenda kwa mpatanishi wa mtaa, Shangazi Shen, ambaye hakuachana na chupa yake ya chai. Bwana Fei wa kampuni aliweka mkataba mezani. Masharti mazito yaliandikwa kwa herufi nene, na kando ya kila moja palikuwa na alama nyekundu ya dole gumba la Mama. Menghe ndiye aliyemshikia kidau cha wino siku ile ya kusaini. Lakini sharti la miaka mitano lilijificha ukurasa wa tisa, herufi ndogo kama ufuta, bila alama ya dole.

Bwana Fei alishikilia kwamba yote yalielezwa. Mama, kwa hasira, akasema hakuelezwa lolote, hata lile la kutotumia mchuzi wa siri wa kampuni.

Menghe alikumbuka dole la ukurasa wa nne, kando ya sharti la mchuzi. Wino wake ulichafua sare yake ya shule.

"Mama, la mchuzi tulisomewa," alisema polepole. "Na ndoo yao moja bado iko chini ya meza yetu. La ukurasa wa tisa ndilo hatukusomewa."

Mama alimtazama kama anayechagua fimbo. Kisha akainamisha kichwa, akakiri.

Shangazi Shen alieleza kwamba anayeleta mkataba ulioandikwa tayari lazima amwonyeshe mwenzake sharti linalombana. Asipofanya hivyo, mwenzake ana haki ya kulikataa. Tena, kumfungia mpishi nchi nzima miaka mitano ni kupita kiasi.

Bwana Fei alitoka kupiga simu. Aliporudi alikuwa amelegea. "Mtoto ametaja ndoo mwenyewe," alisema. "Nitamwitaje mwongo? Turudishieni mchuzi, tambi pikeni."

Mama alishusha pumzi ndefu, mpaka karatasi zikapeperuka.

"Ungeificha ndoo, Menghe, nisingeyaamini maneno yako kuhusu ukurasa wa tisa," Shangazi Shen alisema. "Nawe mama, soma kwanza, dole baadaye."

Kesho yake jiko liliwaka. Mama alichungulia kikaango, akauliza karanga zimekwenda wapi. Menghe alitaka kumtaja panya, akajizuia.

"Ni mimi, Mama."

"Najua," Mama alisema, akicheka. "Panya gani anavaa sare?"